Kona ya Sizoni: Wifi Yangu Kaninunia kwa Ajili ya Louis

Haya wapenzi kona imerudi. Toleo lililopita niligusia tu Suits, ile sizoni ya mawakili wa New York, nikapenyeza kwamba mimi ni timu Louis, mwee! Meseji zikaanguka mfululizo, wengine mmenitukana kabisa, nimewasamehe, wengine mmenitumia sauti ndeefu za WhatsApp mnalia kabisa, jamani andikeni, mimi nasikiliza nikiwa kwenye bajaji.

Kwa ambae hajaiona nimpe kwa kifupi asije akapotea. Kuna wakili anaitwa Harvey Specter (kaigiza Gabriel Macht), mtanashati, suti zake tu kesi nusu imeshaisha. Kamwajiri kijana Mike Ross (Patrick J. Adams) ambae akisoma kitu mara moja kimeganda kichwani, ila chuo cha sheria hajakanyaga, wanadanganya dunia nzima kwamba kasoma Harvard. Bosi wao ni mama Jessica Pearson (Gina Torres). Sekretari wa Harvey ni Donna (Sarah Rafferty) ambae ukweli ndo anaendesha jengo. Halafu kuna Louis Litt (Rick Hoffman), anachapa kazi kuliko wote, anapenda paka, anapenda balei, na hana rafiki. Ilianza Juni 2011 kwenye USA Network ikaisha Septemba 2019, sizoni 9, epsodi 134. Ikawa imeshasahaulika, 2023 ikaingia Netflix ya kule Marekani, ukijumlisha na mtandao wa Peacock ikaangaliwa dakika bilioni 57.7 ndani ya mwaka mmoja, na wimbi ndo hilo limetufikia na sie huku Tanga kwa flashi na kwa bando la usiku.

Ambae hajamaliza, swali la mwisho aliruke. Nimesema mapema.

Shikamoo dada wa kona. Nipo Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Naangalia Suits na wifi yangu usiku watoto wakishalala, tulianza vizuri tunacheka wote, sasa tumefika sizoni ya nne pale Louis anagundua siri ya Mike halafu anaenda kwa Jessica anadai jina lake liwekwe ukutani na majina ya wenye ofisi, mimi nikasema huyu mwanaume nyoka, wifi akanyanyuka akazima tv akaniambia mimi sina utu. Kwa mtu wa kwenye tv! Asubuhi kaninunia, chai kanywa peke yake barazani, mkate wa kumimina kakata wa kwake tu. Mume wangu anacheka. Dada niambie maana wifi anakusoma, Louis si msaliti? Si alimpigia kura Hardman? Si alimliza Donna? Na Mike nae, Louis anamuonea tangu siku ya kwanza. Au mimi ndo sioni? – Mke wa Kaka Mtu, Ngamiani

Marahaba mdogo wangu, na wifi nae nampa salam, najua anasoma hapa kabla yako.

Tuanze na Hardman maana kila mtu ananipigia hilo. Daniel Hardman alikuwa mwenye ofisi pamoja na Jessica, akaondolewa kwa kuiba hela za ofisi, akarudi sizoni ya pili na uso wa kutubu. Sasa jiulize alirudi akamfanyia nini Louis. Alimpa cheo cha mshirika mwandamizi, kitu ambacho Louis kakisubiri miaka na miaka anakesha na mafaili huku Jessica akimpita kama hamuoni. Mtu kakupa ulichoomba kwa jasho halafu siku ya kura umgeuke? Louis alilipa fadhila, basi. Kwa mtu wa pwani hilo wala halitaki maelezo marefu. Na ninyi wa timu Harvey kuna kipande mnakiruka makusudi, Hardman alivyokuja kuanikwa uchafu wake ikapigwa kura ya kumtoa, kura ya Louis ndo iliyomtoa. Hiyo mbona haitajwi?

Donna sasa, hapo sikupingi sana. Ile ya kesi ya mazoezi, wamejifungia wenyewe ofisini wanajaribu itakavyokuwa Harvey akipandishwa kizimbani kwa ajili ya ile kesi ya Coastal Motors (sio Coastal yetu ya Mkwakwani, tulieni). Donna alikuta karatasi ya ushahidi ina muhuri wake, akaogopa, akaichana kwenye mashine. Louis kapewa kazi ya kuwa wakili wa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza anafanya kitu ambacho Harvey mwenyewe angekitetemekea, anamuuliza Donna, unampenda Harvey Specter? Donna anakwepa. Anauliza tena. Anakwepa. Anauliza tena na tena mpaka chumba kizima kimenyamaza na yule mwanamke ambae hajawahi kukosa jibu tangu sizoni ianze anakosa jibu, ananyanyuka anaondoka. Wifi yako nae hapo alinuna nina uhakika, kila mwanamke alinuna. Lakini nenda kairudie, epsodi ya saba sizoni ya pili, usimwangalie Donna, mwangalie Louis mkono wake na macho yake baada ya Donna kutoka. Ameshinda na hana raha. Alikuwa amepewa kazi ya kuumiza, akaifanya vizuri kuliko walivyotaka, halafu walewale waliomtuma ndo wa kwanza kumwangalia kwa jicho baya.

Na kuna kitu kingine pale hakisemwi. Swali lile Louis aliuliza kwa niaba yake mwenyewe pia. Ye anataka kujua kwanini Donna kampa Harvey maisha yake yote ya kazi.

Haya, ukuta. Hapa ndo penye ugomvi wenu. Louis kafanya kosa la kisheria ili kuiokoa ofisi isishindwe na Mike (wakati huo kaacha ofisi, yuko upande wa pili) kwenye lile sakata la kugombania kampuni ya Gillis, akakamatika, akajiuzulu, kaondoka na boksi lake. Halafu anagundua kwa ule ufunguo mdogo wa Harvard, kitu ambacho mtu aliefaulu kama Mike anavyojidai angekijua hata gizani, na Mike hakukijua. Wengi mnaangalia pale mnaona Louis kapata silaha. Mimi naona mtu anahesabu kichwani, Harvey alijua, Jessica alijua, Donna alijua, Rachel mpenzi wa Mike alijua. Miaka yote walikuwa wanamcheka anavyojivunia Harvard yake mbele ya mtoto ambae hajawahi kufika huko. Ndo maana wa kwanza anaemfuata ni Donna, Jessica anafuata baadae. Angetaka cheo tu angenyoosha moja kwa moja kwa bosi. Kaenda kwa Donna kwa sababu alitaka angalau mmoja amwambie mimi sikujua. Na Donna hawezi kudanganya uso ule.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu na hauondoki. Watu mnasema Louis anataka kumshinda Harvey. Hataki. Angekuwa anataka kumshinda angeshaondoka zamani akafungua ofisi yake mtaa wa pili akachukua wateja, uwezo anao, kwenye mambo ya fedha hakuna wa kumgusa. Anabaki kwa sababu anataka Harvey amuone. Siku Harvey akimwambia hata neno moja zuri kwenye korido Louis anatembea kama kapewa dunia, na siku Harvey akimtania mbele ya watu ndo siku Louis anafanya ujinga. Fuatilia utaona, karibu kila baya la Louis limetanguliwa na dharau ya Harvey epsodi hiyohiyo au ya nyuma yake. Harvey anajua kabisa na anaendelea, maana kumtania Louis kunamfanya aonekane mkubwa mbele ya vijana. Huo uonevu mnauita swaga kwa sababu ya suti.

Kumtishia Jessica sikukubali, na kwa Mike mwanzoni alikuwa mkorofi kweli. Ila nyoka hapana. Nyoka halii. Rudi kaendelee na wifi yako, sizoni ya tano Harvey na Louis wanafika mahali mtashikana mikono wenyewe, sikuambii nini. Na mkate wa kumimina mtu hanyimwi, wifi nimekusema.

Dada mambo. Mi naona mnapoteza muda na Louis, bifu kali kuliko zote ni Harvey na Travis Tanner, yule jamaa alikuja anajua kila kitu anamchokonoa Harvey mpaka Harvey anataka kumpiga, ile ndo vita ya wanaume. Bisha. – Mgosi wa Chumbageni

Poa mgosi. Nabisha.

Tanner (Eric Close) ni mtamu, sikatai, alivyoingia tu sizoni ya kwanza anatamba hajawahi kushindwa nikajua hapa pana kazi. Lakini Tanner hana cha kupoteza kwa Harvey, na Harvey hana cha kupoteza kwa Tanner zaidi ya kesi. Akitoka mlangoni kaondoka. Hardman nae hivyohivyo, anarudi akiitwa na waandishi wa stori, anatia fitina, anaondoka. Adui wa nje hata awe mkali vipi unalala usingizi.

Kali kuliko zote ni Mike na Harvey sizoni ya nne. Mike kaacha ofisi kaenda kampuni ya uwekezaji, Harvey anamtetea tajiri kijana Logan Sanders, na wote wawili wanaitaka kampuni moja, Gillis Industries. Logan anataka kuinunua aikatekate auze vipande. Mike anataka ibaki nzima kwa ajili ya mzee Gillis na wafanyakazi wake. Mpaka hapo ni biashara. Utamu unaanza pale kila mmoja anapojua mwenzie anavyofikiri, Mike kafundishwa kila kitu na Harvey, kwahiyo anapiga kwa mbinu za Harvey, na Harvey anajua Mike ana huruma kwahiyo anapiga kwenye huruma. Halafu Logan na Rachel wana yao ya zamani, Rachel yuko upande wa Harvey kikazi na upande wa Mike kitandani, mgosi hebu niambie Tanner alileta nini kinachokaribia hapo? Mike ikamlazimu aende kwa Forstman kuchukua hela, mtu ambae Harvey alishamwambia kaa nae mbali. Mimi pale nilikuwa nimesimama sebuleni remoti mkononi, luku inapiga kelele imebaki kidogo na siendi kununua.

Wazee wa hapa Tanga watanielewa wakikumbuka enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarab mji mmoja, wapigaji wanajuana, waimbaji wengine wamepita kote kote, mashabiki wanakaa nyumba moja. Ushindani ukiwa kati ya watu wanaojuana hivyo kila neno lina mwenyewe, na hata ukikaa kimya watu wanajua kimya kile kinamlenga nani. Harvey na Mike ni hivyo. Tanner ni kikundi cha mkoani kimekuja kupiga shoo kikaondoka na basi la asubuhi.

Shikamoo shangazi, nimemaliza form six mwaka huu nipo Muheza, nataka kusoma sheria kwa sababu ya Jessica Pearson, yaani anavyotembea tu. Mama anasema nimedanganywa na tv. Je huku kwetu mawakili wanashindana vile? Na mtu kama Mike anaweza kupita bila kujulikana? – Jessica wa Muheza

Marahaba mwanangu, Jessica anavyotembea hata mimi nimejaribu pale Usagara, lami haikunikubali.

Mama yako kasema nusu ya ukweli. Sheria soma, ila ujue wale kwenye tv wanakupunguzia mambo. Angalia vizuri, Suits karibu hawafiki mbele ya jaji, wanarushiana mafaili mezani, wanatishiana kwenye lifti, wanamalizana. Na hata huku kesi za madai zinapitishwa kwanza kwenye usuluhishi mahakamani kabla ya kusikilizwa, kwahiyo hapo hawajadanganya sana. Walipodanganya ni spidi. Mteja analetwa asubuhi, saa tisa kesi imekwisha, jioni wanakunywa. Hapa mwanangu kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa, shahidi hajafika, wakili ana udhuru, na wewe umevaa joho lako na joto hili la Tanga unalijua.

Kushindana wanashindana. Mimi nimeshakaa kwenye benchi la korido mahakamani namsubiri ndugu yangu, ndani nasikia mawakili wawili wanakatana maneno mpaka nikasema hawa wakitoka watashikana mashati, kila mmoja anamwita mwenzie msomi, "rafiki yangu msomi anapotosha mahakama", yaani tusi limevalishwa kanzu nyeupe. Wametoka nje mmoja kamshika mwenzie bega anamuuliza vipi mtoto alishatoka hospitali. Wakaondoka na gari moja! Ndugu yangu kesi imesogezwa mbele yuko pale anawatazama tu. Nilijifunza mengi kuliko sizoni mbili.

Mike sasa. Huku ili uwe wakili unamaliza shahada ya sheria, halafu unaenda Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na pale ndo penye moto. Mwaka 2022 yalitoka matokeo nchi nzima ikashika kichwa, wanafunzi 633, waliofaulu kwa mkupuo wa kwanza 26. Ishirini na sita! Mpaka serikali ikaunda kamati kuchunguza. Ukishapita hapo unaomba kwa Jaji Mkuu, unakubaliwa, unaapa, jina lako linaingia kwenye daftari la mawakili na namba yake, na kila mwaka unahuisha leseni. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaitwa e-Wakili, mwananchi anaandika jina anaona kama huyu ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai. Mike pale asingepita hata chakula cha mchana.

Lakini vishoka wapo, tusidanganyane. Huwezi kuwakuta kwenye jengo refu na suti ya Harvey, unawakuta nje ya mahakama chini ya mti na begi la plastiki, anakuandikia hati, anakwambia mimi na hakimu ni kitu kimoja, hela yako inaondoka. Mike tunamhurumia kwa sababu ana akili na moyo mzuri na tunaona nyumba yake. Kishoka wa kweli mteja wake haoni chochote mpaka kiwanja kimeenda. Ukiwa wakili mwanangu hao ndo ushindane nao.

Chapchap dada: 1. Kweli Rachel ndo mke wa Prince Harry? 2. New York ile mbona wanasema sio New York? 3. Kwanini jina la ofisi linabadilika kila saa? – Mwana Makorora

Kweli, Rachel Zane ni Meghan Markle, aliondoka mwisho wa sizoni ya saba, akaolewa Mei 2018. Ndo maana sizoni ya nane unamuona hayupo, usimtafute. Sehemu kubwa imepigwa Toronto, Kanada, New York ni za kupita tu dirishani. La tatu ndo swali zuri ingawa umelirusha kama la mwisho, maana ukuta ule ndo matokeo ya mechi. Pearson Hardman, akatoka Hardman akaja Darby wa Uingereza, akaingia Specter, akatoka Darby, akaingia Litt, mpaka anakuja Robert Zane baba yake Rachel, mpaka wanakuwa majina matano yamepangana mlangoni, Zane Specter Litt Wheeler Williams, mi hapo nilisema sasa mafundi wa kubandika herufi wanalipwa kwa mwezi. Kila bifu likiisha nenda katazame ukuta utajua nani kashinda. Sizoni mbili za mwisho ilinichosha lakini, bifu la Samantha Wheeler na Alex Williams kugombea jina ni lilelile la Louis limepashwa moto, bila yale machozi.

Dada naomba ushauri wa kweli sio wa tv. Nafanya kazi ofisi moja hapa mjini, kuna mwenzangu kila nikifanya kazi yeye ndo anaipeleka kwa bosi, nimevumilia. Sasa nimejua jambo la bosi, siri nzito. Nikaona Louis alivyopata jina lake nikasema na mimi niende niseme nataka cheo au nisanue. Unaonaje? – Louis wa Raskazone

Usiende.

Kaka yangu soma taratibu. Alichofanya Louis kinaitwa kutishia, na kutishia mtu ili akupe kitu ni kosa la jinai, kwao na kwetu. Bosi wako akiwa na akili kama Jessica atakwambia sawa nipe mpaka Ijumaa, na Ijumaa utawakuta polisi wamekaa kwenye kiti chako. Halafu wewe umeangalia pale jina linapowekwa ukutani ukazima tv. Ungeendelea. Jina liko juu, herufi kubwa, na Louis anapita chini yake watu wanakata maongezi. Hakuna anaempongeza. Alitaka wamheshimu, akapata wanaomuogopa, na ye mwenyewe anajua tofauti ndo maana hatulii.

Hiyo siri kama ni ya maisha ya bosi nyumbani kwake iache huko huko. Kama ni wizi wa mali ya ofisi hilo ni jingine, lina pa kupelekwa, na linapelekwa bila kuomba cheo.

Mwenzio anaebeba kazi zako dawa yake ni ndogo mno mpaka utaona aibu. Kazi ukimaliza tuma mwenyewe kwa barua pepe, bosi ndani, yeye ndani, mistari miwili tu, "Bosi, ripoti ya mwezi ile uliyoniagiza hii hapa, kuna pengo ukurasa wa tatu nimeliwekea alama." Ukiweka hilo la pengo atakuja kukuuliza wewe, hawezi kumuuliza ambae hakuifanya. Na siku moja mwite pembeni, bila watu, umwambie nimeona. Usimwambie umeumia, mwambie umeona. Wengi wanaachia hapohapo.

Shangazi mimi nina haraka sina muda wa epsodi mia na ushee na nasafiri. Mwisho Louis anapata nini? Na yeye na Harvey? – Abiria wa Korogwe

Ambao hamjamaliza ondokeni sasa, nahesabu, haya.

Mike alikamatwa, akakiri mwenyewe ili wengine wasiende, akapewa miaka miwili akatoka mapema, akaja kuwa wakili wa halali. Mwisho kabisa Harvey anakubali kuondoka kwenye ofisi ili yule Faye Richardson aliekuja kuwasimamia awaachie. Yaani Harvey, yule wa kushinda tu, anatoka mlangoni ili Louis abaki. Sikutegemea. Na anaebaki kuwa bosi wa jengo lote ni Louis, jina lake la kwanza mlangoni, Litt Wheeler Williams Bennett, na Bennett ni Katrina ambae Louis ndo alimkuza.

Epsodi ya mwisho ni harusi ya Louis na Sheila. Bibi harusi mjamzito tumbo limefika, uchungu ukamshika siku hiyohiyo, watu wanakimbizana, na Harvey na Donna wakaona watu si wapo, maua si yapo, wakafunga ndoa yao palepale. Kwenye harusi ya Louis! Miaka tisa wanagombania ukuta mpaka shughuli ya mtu wamegawana. Mimi ningemaindi. Louis hakumaindi, alikuwa hospitali anapokea mtoto wa kike.

Wa Korogwe safari njema, na ukifika unapokwenda anza sizoni ya kwanza, usijifanye umeshaijua.